Mkate, Chumvi na Kizingiti: Mgeni katika Adabu ya Warusi

Njiani kuelekea Moscow, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 16, wapanda farasi wawili walisimama wakitazamana, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukanyaga ardhi. Mmoja alikuwa Sigismund von Herberstein, balozi wa Kaizari wa Wajerumani. Mwingine alikuwa mjumbe wa Vasily wa Tatu, Mtawala Mkuu wa Moscow, aliyetumwa kumlaki. Atakayeshuka kwanza atakuwa amekiri mbele ya mashahidi kwamba bwana wake ndiye mdogo. Herberstein alisingizia uchovu wa safari. Mrusi akashikilia kwamba salamu za bwana wake hazisemwi mtu akiwa juu ya farasi. Mwishowe Herberstein akafanya kama anayechomoa mguu kwenye kikuku, Mrusi akaruka chini upesi, na mgeni akateremka taratibu baada yake.

Balozi huyo alikwenda Moscow mara mbili, mwaka 1517 na 1526, na kitabu chake cha Kilatini kilichochapishwa 1549 kilikuwa kwa muda mrefu dirisha kuu la Ulaya kuitazama Urusi. Mtu akisoma leo miongozo ya wasafiri, atakuta orodha ya maagizo: vua viatu mlangoni, usipeane mkono kizingitini, maua yawe ya hesabu ya witiri, usiweke glasi chini kabla ya kunywa. Maagizo hayo ni ya kweli, lakini yakiachwa bila historia yanaonekana kama vituko vya watu wagumu. Sivyo. Adabu ya Warusi kwa mgeni ilikulia mahali pawili palipotofautiana sana: kwenye lango la dola, ambako mgeni alipimwa na kulindwa, na kwenye meza ya nyumbani, ambako alipewa hata kile ambacho mwenye nyumba hakuwa nacho cha ziada. Anayejua lango peke yake huondoka akisema Warusi ni watu baridi. Anayeijua meza hushindwa kuamini kwamba ni watu walewale.

Lango lilianzia mpakani. Mjumbe wa nje hakuingia tu. Alisimama, akatuma habari kwa gavana wa mji wa karibu, gavana akauliza cheo chake na ukubwa wa bwana wake, kisha akaandika kwenda Moscow na kungoja majibu. Baadaye alitumwa afisa aitwaye pristav kumsindikiza. Huyo ndiye aliyempa mgeni chakula, malazi na farasi, na ndiye aliyeangalia asizungumze na asiyestahili. Mjini Moscow mjumbe alipewa nyumba na posho ya kila siku iliyopimwa: nyama, samaki, mkate, chumvi, kuni, majani ya farasi. Alitunzwa vizuri, na alikuwa chini ya ulinzi. Mambo hayo mawili hayakupingana machoni pa wenyeji wake, kwa kuwa mgeni alikuwa amana ya mtawala, na amana huwekwa penye kufuli.

Siku ya kuonana na mtawala, Vasily aliuliza kwanza afya ya Kaizari, akampa balozi mkono, kisha akauliza kama safari ilikuwa njema. Karibu naye palikuwa na birika na bakuli la kunawia mikono, maana alikuwa amemshika mtu wa Kanisa la Roma. Baadaye akamwalika kula. Hapo mezani Herberstein aliona jambo ambalo naliona kuwa mzizi wa yote yaliyofuata. Mtawala alikuwa akichukua mkate mbele yake na kumtuma mtumishi ampelekee mgeni fulani, akimtaja kwa jina. Aliyepelekewa alisimama, na wote wakasimama naye, naye akainama pande zote. Mkate ulimaanisha fadhila ya mtawala. Chumvi kutoka meza yake ilimaanisha upendo, na hapakuwa na heshima kubwa kuliko hiyo.

Mwaka 1553 Richard Chancellor, nahodha Mwingereza aliyekuwa akitafuta njia ya kaskazini ya kwenda China, alitia nanga kwenye mlango wa mto Dvina katika Bahari Nyeupe. Meli nyingine mbili za msafara wake zilikwama, na mabaharia wake wote, pamoja na mkuu wao Hugh Willoughby, walikufa katika baridi. Chancellor alipelekwa Moscow kwa nchi kavu, na huko, katika jumba la mtawala, Tsar Ivan wa Nne, alikuta desturi ileile: kipande cha mkate kinatumwa mezani, jina linatajwa, mtu anasimama. Hadi leo wageni wakubwa wanaofika Urusi hupokewa na wanawake waliovaa mavazi ya jadi, wameshika mkate wa duara juu ya kitambaa kilichotariziwa, na kibakuli cha chumvi juu yake. Mgeni humega kipande, hukichovya katika chumvi na kukila. Wapo wanaokipokea na kukikabidhi kwa msaidizi wao bila kuonja, wakidhani ni zawadi ya kupigia picha. Kumbe wameombwa jambo moja tu, kula.

Nyumbani kwa watu wa kawaida, au walau wenye uwezo, utaratibu ulielezwa katika kitabu kiitwacho Domostroy, kilichotungwa karne hiyohiyo ya 16 na ambacho kwa kawaida huhusishwa na kasisi Silvestr wa zama za Ivan wa Nne. Ni kitabu kikali. Kinamweka baba wa nyumba juu ya wote kwa namna ambayo msomaji wa leo hawezi kuipenda. Lakini humo mna mafunzo ya ugeni ambayo bado yanaishi. Aliyealikwa asikikosoe chakula alichowekewa. Asinuse na kusema kimechacha au kina chumvi nyingi, bali akisifu na kula kwa shukrani. Mtumishi anayetumwa nyumba ya watu apige hodi taratibu, afute miguu, apenge kamasi, akohoe na kusema dua kabla ya kuingia. Katika nchi ambayo nusu ya mwaka ni theluji na sehemu ya iliyobaki ni matope, kufuta miguu lilikuwa jambo la lazima. Kutoka hapo hadi ndara ambazo mgeni hupewa leo mlangoni mwa kila fleti ni hatua fupi. Mwenyeji hata akisema "acha tu viatu," anasema kwa upole. Mgeni mwenye adabu huvua.

Adam Olearius, mwanachuoni Mjerumani aliyefika Moscow mara kadhaa kati ya 1634 na 1643, alieleza heshima ya juu kabisa ambayo mwenye nyumba aliweza kumpa mgeni. Baada ya chakula, mke wa mwenyeji, ambaye kwa kawaida hakuonekana na wanaume wa nje, alitoka akiwa amevaa mavazi yake bora, akaonja kikombe cha pombe kali na kumpa mgeni. Mgeni akanywa, akainama, na akaruhusiwa kumbusu. Kukataa kikombe hicho kulikuwa tusi kwa nyumba nzima. Desturi ya busu ilikufa zamani, lakini uzito wa kile kinachotoka mkononi mwa mama wa nyumba haukufa. Asiyekunywa pombe, awe Mwislamu au mtu mwenye maradhi, anaeleweka akisema sababu yake mapema na waziwazi, na kuinua glasi ya maji ya matunda pamoja na wengine. Kinachoumiza ni kukataa katikati ya meza, bila neno.

Kisha akaja Tsar Peter wa Kwanza, na mambo yakapinduka. Tangu 1652 wageni wa Ulaya walikuwa wametengewa mtaa wao nje ya Moscow, kwenye mto Yauza, ili wasichanganyike na wenyeji. Peter, kijana, aliupenda mtaa huo kuliko jumba lake. Alijifunza huko kucheza dansi, kuvuta tumbaku na kuzungumza na mafundi bila kuinamiwa. Mwaka 1697 na 1698 alisafiri Uholanzi na Uingereza kujifunza ujenzi wa meli, na aliporudi Agosti 1698 alishika mkasi na kukata ndevu za wakuu waliokuja kumkaribisha. Ndevu kwao zilikuwa sehemu ya imani. Baadaye, 1705, ikawekwa kodi: mfanyabiashara tajiri aliyetaka kubaki na ndevu alilipa rubo 100 kwa mwaka, na aliyelipa alipewa kipande cha shaba kama stakabadhi. Mavazi marefu nayo yakapigwa marufuku kwa wakazi wa mijini, na mwaka mpya ukahamishiwa Januari 1, kuanzia 1700.

Mwaka 1717 kilichapishwa kitabu cha adabu za vijana, ambacho jina lake laweza kusemwa kuwa Kioo Kinyofu cha Ujana. Kiliwaambia wana wa makabaila wasile kwa kelele, wasilambe vidole, wasichokoe meno kwa kisu. Kiliwashauri pia wazungumze lugha za kigeni wao kwa wao, hasa mbele ya watumishi, ili wasieleweke. Maneno hayo yalikuwa na matokeo mazito. Ndani ya karne moja tabaka la juu la Urusi lilizungumza Kifaransa mezani kwake, na mtumishi aliyesimama nyuma ya kiti akawa mgeni katika nyumba aliyozaliwa.

Mwaka uliofuata, 1718, Peter aliamuru mikutano ya jioni iliyoitwa asambleya. Kwa mara ya kwanza wanawake walitakiwa kuhudhuria. Amri ilisema mwenye nyumba halazimiki kuwalaki wageni wala kuwasindikiza. Kazi yake ni kuandaa viti, mishumaa, vinywaji na michezo. Fikiria uzito wa amri hiyo katika nchi ambayo wajumbe walikuwa wakigombania nani ashuke kwanza kwenye farasi. Peter alitaka kuua unyenyekeo wa ngazi za mlangoni, akaufuta kwa sheria, na aliyekosea kanuni akaadhibiwa kwa kunyweshwa kikombe kikubwa cha Tai, kilichotosha kumwangusha mtu mzima. Uhuru huo ulikuja kwa amri, na mtu hakuwa huru kuukataa.

Mashahidi wa asambleya hizo ni wengi, lakini mmoja anatuhusu sisi Waafrika. Abram Petrovich Gannibal aliletwa kutoka Istanbul mnamo 1704, akiwa mtoto wa Kiafrika aliyetekwa. Peter akambatiza na kumlea, akampeleka Ufaransa kusoma uhandisi, na mwishowe Gannibal akawa jenerali wa jeshi la Urusi. Alifariki 1781. Kitukuu chake, Aleksandr Pushkin, ndiye mshairi mkuu wa lugha ya Kirusi. Katika riwaya aliyoianza 1827 juu ya babu huyo, na ambayo hakuimaliza, Pushkin anamwonyesha kijana maridadi aliyetoka Paris akiingia katika asambleya bila kujua taratibu, na kulazimishwa kunywa kikombe cha Tai. Jina Petrovich alilobeba Gannibal ni la baba yake wa ubatizo, Tsar mwenyewe.

Na hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu hakuna jambo linalomchanganya mgeni kama majina. Mrusi huitwa kwa jina lake na la baba yake: Ivan Petrovich, Anna Sergeyevna. Msomaji wa pwani yetu hana haja ya kufundishwa. Ni sawasawa na Juma bin Hamisi, Asha binti Salum. Katika Urusi ya zamani kuandikwa kwa jina kamili la baba lilikuwa pendeleo la watu wa juu, na mtawala aliweza kumtunukia mtu haki hiyo kama anavyotunukiwa ardhi. Leo ni haki ya kila mtu, nayo imebaki na heshima yake. Mwalimu, daktari, mzee wa jirani, mama mkwe: wote huitwa kwa majina mawili, tena kwa kiwakilishi cha wingi. Mgeni anayemwita profesa wake "Ivan" peke yake, kwa kudhani anajenga urafiki, anafanya ambalo kijana wa Kiswahili angelifanya kwa kumpita babu bila shikamoo.

Vyeo navyo vilikuwa na historia yao. Jedwali la Vyeo la 1722 liliwagawa watumishi wa dola katika ngazi 14, na kila kundi la ngazi lilikuwa na namna yake ya kuitwa, kuanzia "Mtukufu" mpaka "Mtukufu Mkuu Kupita Wote." Kosa la daraja moja liliweza kumharibia mtu kazi. Mpangilio huo ulidumu hadi 1917. Mwezi Machi mwaka huo Sovieti ya Petrograd, baraza la wafanyakazi na askari, ilitoa Amri Namba 1, iliyofuta vyeo vya utukufu jeshini na kuwakataza maofisa kumwita askari kwa kiwakilishi cha umoja, kama anavyoitwa mtoto. Mapinduzi makubwa yalianza, pamoja na mengine, na dai la mtu mdogo kuitwa kwa adabu. Mwezi Novemba vyeo vyote vya kiraia vikafutwa, na neno la wote likawa "komredi."

Karne ya 19 iliipa meza ya Warusi sura inayojulikana leo. Chai ilikuwa imefika 1638, Altyn Khan wa Wamongolia alipomtumia Tsar Mikhail shehena yake. Baada ya soko la Kyakhta kufunguliwa mpakani na China kwa mkataba wa 1727, misafara iliileta kwa wingi, na mafundi wa mji wa Tula wakaanza kutengeneza samovari mnamo 1778. Moto wake wa makaa uliyaweka maji tayari kwa saa nyingi, na mazungumzo yakapata pa kukaa. Kwa upande mwingine, desturi ya kuleta vyakula mezani kimoja baada ya kingine, badala ya kuvipanga vyote kwa pamoja, Wafaransa waliipata kwa Warusi. Inahusishwa na balozi Aleksandr Kurakin aliyekuwa Paris mnamo 1810. Hoteli yoyote ya Nairobi au Dar es Salaam inayoleta supu kwanza, kisha nyama, kisha tunda, inafuata adabu ya Kirusi.

Mwaka 1896 mwandishi wa Kiswahili aliipita nchi ya Warusi. Selim bin Abakari, mtu wa Ngazija, alisafiri na bwana wake Mjerumani Theodor Bumiller katika Urusi na Siberia, na habari za safari yake zilitoka kwa Kiswahili 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli. Nasikitika kwamba kitabu hicho hakimo mikononi mwa wanafunzi wetu wengi. Wakati Wazungu wakiandika juu ya Afrika kana kwamba wao pekee ndio wenye macho, Mswahili alikuwa Siberia akiwaangalia wenyeji na kuandika.

Karne ya 20 iliongeza kwenye adabu hii mambo ambayo hakuna kitabu cha adabu kingeweza kuyabuni. Kuanzia Septemba 1941 mji wa Leningrad ulizingirwa na majeshi ya Wajerumani kwa siku 872. Kati ya Novemba 20 na Desemba 25 ya mwaka huo posho ya mkate kwa watoto, wategemezi na wafanyakazi wa ofisini ilikuwa gramu 125 kwa siku, tena mkate uliochanganywa na vitu visivyokuwa unga. Mamia ya maelfu walikufa kwa njaa. Mgeni akimwona bibi wa mji huo akikusanya makombo kwa kiganja badala ya kuyafuta chini, ajue anachokiona. Kutupa mkate mbele yake ni kosa ambalo hatalisema, na hatalisahau.

Meza ya vinywaji nayo ina kumbukumbu zake. Hakuna anayekunywa kimyakimya. Mtu husimama, husema maneno ya kutakia heri, glasi zinagongana. Mgeni hutarajiwa kusema lake, na likitoka moyoni halihitaji ufasaha. Lakini katika matanga glasi hazigongwi, na moja huwekwa kwa ajili ya marehemu, imefunikwa kipande cha mkate. Kwa wanajeshi, hasa waliopigana Afghanistan kati ya 1979 na 1989, glasi ya tatu ni ya waliokufa: watu husimama, hunyamaza na hawagongi. Mgeni asiyejua, akanyoosha glasi yake kwa furaha, atakuta mkono umebaki peke yake hewani. Maua ya hesabu shufwa pia ni ya makaburini, ndiyo maana shada la kumpelekea mwenyeji huwa la matatu, matano au saba.

Baada ya Mapinduzi familia nyingi za mijini zilibanwa katika fleti za pamoja, kila familia chumba chake na jiko moja kwa wote. Kumkaribisha mtu ilikuwa kumkaribisha mbele ya majirani wenye masikio, na katika miaka ya Stalin urafiki na mgeni wa nje uliweza kumpeleka mtu kambini. Uso usiotabasamu ovyo mbele ya mtu usiyemjua, ambao wageni huulalamikia sana, usihukumiwe bila kukumbuka miaka hiyo. Kisha, kiangazi cha 1957, mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Julai 28 lilifunguliwa Moscow Tamasha la Dunia la Vijana, wageni kama 34,000 kutoka nchi 131, na wakazi wa mji wakajaa barabarani kuwagusa mikono watu ambao hawakuwahi kuwaona. Siku tatu baadaye, Julai 31, serikali ikatoa amri ya ujenzi mkubwa wa makazi, iliyowapa mamilioni ya familia fleti zao wenyewe. Jiko la fleti hizo lilikuwa dogo, mita za mraba tano au sita, lakini lilikuwa na mlango wa kufunga. Hapo ndipo Warusi wa zama za Sovieti walipozungumza ukweli wao hadi usiku wa manane, na mgeni aliyefikishwa jikoni badala ya sebuleni alikuwa amepewa kiti cha juu kuliko alivyodhani.

Mwaka 1960 kilianzishwa Moscow Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, na 1961 kikapewa jina la Patrice Lumumba, aliyeuawa Januari ya mwaka huo huko Katanga. Vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo walikuwa miongoni mwa waliokwenda kusoma katika vyuo vya Sovieti. Walikuta lango na meza, vyote viwili. Waliandikishwa, waliwekwa mabwenini penye mlinzi wa kike mlangoni, na safari zao nje ya mji zilihitaji ruhusa. Ubaguzi wa mitaani nao haukukosekana: Desemba 1963 wanafunzi wa Kiafrika waliandamana hadi Uwanja Mwekundu baada ya kifo cha mwenzao Mghana, Edmund Assare-Addo. Ni haki kulisema hilo katika historia ya ukarimu, kwa sababu waliotukanwa barabarani jioni mara nyingi walilishwa na kusaidiwa masomo na Warusi wengine usiku uleule.

Pristav wa Herberstein hajatoweka kabisa. Mgeni anayefika Urusi leo lazima aandikishwe mahali anapolala, na anayempokea ndiye anayewajibika kupeleka taarifa. Jina la Lumumba, lililoondolewa chuoni 1992, lilirudishwa 2023. Kijana wa Lubumbashi au Mombasa anayekwenda kusoma huko sasa ataambiwa kwenye kila ofisi na ukumbi aache koti lake kwa mtunzaji mlangoni, maana kuingia nalo ndani ni utovu wa adabu. Akialikwa nyumbani kwa mwenzake asimpe mkono kizingitini, mahali ambapo imani za kale ziliweka pepo wa nyumba. Aingie kwanza, au amsubiri mwenyeji atoke. Achukue keki au maua, avue viatu, aulize jina la mama na la baba yake mama huyo. Na siku ya kuondoka, mizigo ikiwa tayari na gari linangoja, asishangae wote wakiketi ghafla, juu ya masanduku hata, wakanyamaza kwa nusu dakika kabla ya mzee wa nyumba kusema: haya, kwa heri ya Mungu, nenda.